Balimau ya Padang: Josho Lililotoka Mikononi mwa Ukoo

Shaaban ikikaribia kwisha, mji wa Padang, makao makuu ya mkoa wa Sumatra Magharibi nchini Indonesia, huingia katika mvutano ambao wenyeji wameshauzoea. Manispaa hutoa tangazo la kuwasihi watu wasiende kuoga mitoni wanaume na wanawake mchanganyiko. Maulamaa hukemea juu ya mimbari. Polisi na waokoaji hupangwa kwenye vidimbwi vinavyopendwa. Kisha hufika siku ya mwisho kabla ya mfungo, na baada ya adhuhuri barabara za kupandia Lubuk Minturun na zile za kando ya mto Batang Kuranji hujaa pikipiki. Watu wanakwenda balimau.

Balimau ni desturi ya Waminangkabau ya kuoga maji ya ndimu na maua kabla ya kuingia Ramadhani. Nia yake ni kuupokea mwezi mtukufu mwili ukiwa safi na moyo ukiwa hauna kinyongo na mtu. Sijaona anayeipinga nia hiyo. Kinachogombaniwa ni mto, umati, na yanayotokea kati ya adhuhuri na magharibi.

Nimekichagua kisa cha Padang kwa kuwa kinatugusa. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki ni Waislamu wa madhehebu ile ile ya Imam Shafi, tunaishi kando ya bahari ile ile ya Hindi, na tuna siku zetu za kuvunja jungu ambazo kila mwaka huzua maneno ya namna hiyo hiyo. Nikiwasikiliza wanaobishana huko, wanaotaka balimau ipigwe marufuku na wanaotaka iwe kivutio cha watalii, naona wote wamekosea mahali pamoja. Wanautazama mto, na wamewasahau watu waliokuwa wakiusimamia.

Ndani ya kifurushi cha ndimu

Siku mbili tatu kabla ya mfungo, masokoni huuzwa vifurushi vidogo vya balimau. Ukifungua kimoja utakuta vipande vya ndimu vyenye maganda yake, waridi zilizochambuliwa, langilangi, na majani ya pandani, ambayo ni jamii moja na mkadi wetu, yamechanwa membamba kama nyuzi. Mara nyingi huongezwa mizizi ya porini yenye harufu nzito, ile inayobaki nywelani hata baada ya maua kunyauka. Mwanamke wa Unguja au Lamu akikinusa kifurushi hicho hatauliza ni cha nini. Ni kikuba kilichofumuliwa kikatiwa majini.

Matayarisho yake ni mepesi. Vitu hutiwa ndani ya maji ya moto, hufunikwa, na huachwa mpaka maji yapoe yafike uvuguvugu na rangi igeuke kidogo. Ndimu hukamuliwa kwa vidole humo humo. Zamani, kabla ya sabuni ya dukani kufika kila kijiji, ndimu ndiyo iliyokuwa ikiondoa mafuta na jasho kichwani, kwa hiyo mtu aliyekuwa akioga ndimu hakuwa akifanya jambo la ajabu. Alikuwa anajisafisha vizuri kuliko siku za kawaida, kama mtu anavyofanya akitarajia mgeni wa heshima.

Katika sura yake ya kifamilia, mkubwa humwagia mdogo. Bibi huwamwagia wajukuu, mama huwamwagia wanawe, maji yakianzia utosini. Anayemwagiwa huomba radhi kwa yaliyopita mwaka mzima, na anayemwagia husamehe na yeye huomba asamehewe. Tendo lenyewe ni fupi. Mtoto mdogo hulia ndimu ikimwingia machoni, wakubwa hucheka, zamu inaendelea kwa mwingine.

Hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Kumwagiwa maji kichwani na mtu mwingine ni lazima uiname mbele yake, na huwezi kuinama mbele ya mama mkubwa ambaye umemnunia tangu Idi iliyopita bila kwanza kuyamaliza mliyo nayo. Maji yanalazimisha maneno yasemwe. Ukijimwagia mwenyewe bafuni utatoka ukinukia, lakini hakuna aliyekusamehe. Ukijitosa mtoni na marafiki mia moja wa rika lako, hali ni hiyo hiyo.

Siku za kutembeleana

Ili kuuona uzito wa jambo hili lazima tujue Waminangkabau ni watu gani. Mara nyingi hutajwa kuwa jamii kubwa kuliko zote duniani zinazofuata ukoo wa mama. Nyumba ya ukoo na mashamba ya mpunga hurithiwa kupitia wanawake. Kwa ada, mume akioa huhamia kwa mkewe. Mjomba, ambaye wao humwita mamak, ndiye mwenye dhamana ya watoto wa dada yake: mali yao, ndoa zao na adabu zao. Na jamii hiyo hiyo inajulikana kote Indonesia kwa ushikaji wake wa Uislamu, dini ambayo mirathi yake na walii wake wa ndoa huupa uzito upande wa baba. Wao wameishi na mambo hayo mawili karne kwa karne, na wana msemo wanaouheshimu kuliko misemo yote: ada imesimama juu ya sharia, na sharia imesimama juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Katika mpango kama huo, upande wa baba huweza kusahaulika kwa urahisi. Watoto wanakua kwa mama yao, shamba ni la mama yao, mjomba ndiye msemaji. Basi ada ikaweka siku za makusudi za kuurudia upande wa pili. Kabla ya Ramadhani mwanamke aliyeolewa hubeba chakula na kwenda kwa mama mkwe wake. Wao huita manjalang mintuo. Hubebwa rendang iliyopikwa polepole mpaka tui likauke, na lamang, yaani mchele wa kunata uliopikwa kwa tui ndani ya mianzi juu ya moto wa kuni. Mama mkwe hapokei sahani tu. Anapokea habari za wajukuu, za mwanawe anavyoishi huko ukweni, na anapata nafasi ya kusema lililomkaa moyoni kabla mwezi haujaandama. Katika baadhi ya vijiji huchinjwa ng'ombe au nyati kwa pamoja na nyama ikagawanywa. Makaburi husafishwa na kuzuriwa. Balimau huja mwisho wa hayo yote.

Kwa hiyo josho lile lilikuwa hitimisho. Watu walikwisha kupikiana, kutembeleana, kuzuru wafu wao na kuombana radhi, halafu wakaoga. Leo, kwa kijana wa Padang anayepanda pikipiki saa nane mchana na taulo begani, imebaki hatua ya mwisho peke yake.

Maulamaa wanasema nini

Nitaanza na fiqhi, maana wengi hudhani kwamba kuoga kwa ajili ya Ramadhani hakuna asili kabisa katika dini. Vitabu vya Kishafi vinataja josho la kila usiku wa Ramadhani miongoni mwa majosho ya sunna, ijapokuwa wapo waliolihusisha na yule anayekwenda kwenye jamaa. Hakuna ndimu humo wala mto, wala sharti la kukusanyika. Lakini mtu anayeoga jioni ya kuandama kwa mwezi kwa nia ya kuingia ibadani akiwa msafi hana haja ya kutafutiwa udhuru.

Pingamizi za maulamaa wa Sumatra Magharibi, nikizikusanya, ni tatu. Ya kwanza ni mchanganyiko wa wanaume na wanawake walioloa maji, vijana wasio maharimu, katika siku ambayo kila mtu anadai anajitakasa. Hii ni nzito na sioni jibu lake. Wazee wa ada wenyewe wanaikubali, maana hata ada haikuruhusu hivyo.

Ya pili ni itikadi. Wapo wanaoamini kwamba maji yale yenyewe huondoa dhambi, au kwamba saumu ya asiyeoga balimau ina upungufu. Imani hiyo ikiwapo ni lazima isahihishwe, na dawa yake ni darasa msikitini. Tangazo la polisi haliwezi kumfundisha mtu tofauti ya ada na ibada.

Ya tatu ndiyo isiyonikinaisha: kwamba balimau ni mabaki ya zama za Uhindu na Ubudha, zilizokuwapo Sumatra kabla ya Uislamu, kwa hiyo ni batili kwa asili yake. Huenda ikawa kweli kwamba kuoga kwa pamoja kulikuwapo kabla. Watu wa visiwa vile, wenye mito kila upande, walioga kabla ya Uislamu na baada yake. Lakini asili ya jambo peke yake haitoi hukumu. Mafakihi wetu wana kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa chuo, kwamba ada hufuatwa mradi haipingani na nassi. Kinachoulizwa ni leo linafanywa kwa nia gani na kwa namna gani.

Mabishano haya yana mizizi mirefu Minangkabau kuliko mahali pengi. Mwaka 1803 mahujaji watatu walirudi kutoka Makka wakiwa na hamu ya kuitakasa jamii yao, na harakati walizoziwasha, zinazojulikana kwa jina la Padri, ziliwagonganisha na wazee wa ada. Waholanzi wakaingilia kati mwaka 1821 na vita vikaendelea mpaka ngome ya Padri ya Bonjol ilipoanguka mwaka 1837. Ni katika machungu ya miaka hiyo ndipo msemo wa ada kusimama juu ya sharia ulipopata nguvu ya mapatano. Karne iliyofuata likaja kundi lililoitwa Kaum Muda, vijana wa mageuzi, na gazeti lao la al-Munir lililoanza kuchapishwa Padang mwaka 1911. Mmoja wa vinara wao, Abdul Karim Amrullah, aliyejulikana kama Haji Rasul, ndiye aliyeipeleka jumuiya ya Muhammadiyah Sumatra Magharibi mwaka 1925. Katika nchi yenye historia hiyo, hakuna desturi inayoachwa ipite bila kuulizwa dalili. Shekhe wa Padang anayekemea balimau leo anazungumza katika mlolongo wa miaka 200, na waumini wake wanalijua hilo.

Tapian ilipokosa wenyewe

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Ada ya Minangkabau inataja vitu vinavyoifanya nagari, yaani kijiji chenye mamlaka yake, istahili jina hilo: msikiti, ukumbi wa baraza, koo, barabara, mashamba, uwanja, makaburi. Na katika orodha hiyo hiyo ipo tapian, mahali pa kuogea mtoni. Msikiti na tapian vimehesabiwa pamoja. Maana yake ni kwamba mahali pa kuoga palikuwa ni mali ya jamii yenye mipaka na miiko, na si ukingo wa mto wa yeyote.

Watu walioga pale kila siku alfajiri na jioni. Upande wa wanawake ulijulikana na upande wa wanaume ulijulikana. Kijana aliyevuka mpaka alijua nani atampeleka kwa mjomba wake. Siku ya balimau ilipofika, mahali palikuwa pale pale, watu wale wale, mipaka ile ile. Kilichoongezeka ni ndimu na maua. Hakukuwa na haja ya askari kwa sababu kila jicho pale lilikuwa la jamaa.

Kisha maji ya bomba yakaingia majumbani, na bafu zikajengwa. Ni neema kubwa, na wanawake waliokuwa wakibeba ndoo ndio wanaoijua zaidi. Lakini pamoja na neema hiyo, mto uliachwa na watu wake wa kila siku. Tapian ambayo haitumiwi alfajiri na jioni haina tena mpaka wa mtu yeyote. Mji ukakua, pikipiki zikawa nyingi, na vidimbwi vizuri vya mlimani vikageuka mahali pa matembezi. Siku ya balimau sasa humkusanya kijana wa mtaa huu na msichana wa mtaa ule, hawajuani, wala mjomba wa yeyote kati yao hayupo. Kuna vibanda vya chakula, kuna muziki, kuna mlango wa kulipia. Manispaa ikaona fujo, ikapeleka askari. Askari anaweza kufunga barabara. Hawezi kujua huyu ni mtoto wa nani.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu hotuba nyingi huielezea balimau kama habari ya vijana walioharibika. Vijana wale hawakuubomoa utaratibu wowote. Waliukuta mto mtupu. Walichorithi ni siku na mahali, na hakuna aliyewarithisha watu.

Kuna pia hatari ya maji yenyewe. Mito ya Padang ni mifupi na mikali. Inashuka kutoka safu ya Bukit Barisan, na mvua ikinyesha juu milimani, maji ya chini hubadilika ghafla hata kama jua linawaka. Mara kwa mara siku ya balimau imeacha familia na maiti wa kuzama. Julai 2012, siku chache tu baada ya mfungo kuanza, mafuriko ya ghafla yalishuka na mito ya Padang, Batang Kuranji ukiwamo, yakabomoa nyumba na madaraja. Mtu aliyekuwa akioga kila siku kwenye tapian aliujua mto wake: aliona maji yakibadilika rangi, akasikia mawe yakivingirika, akawatoa watoto. Aliyekuja kutoka mjini mara moja kwa mwaka haoni dalili hizo.

Mkono unaokataza na mkono unaopamba

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba dola haina msimamo mmoja. Mjini Padang matangazo ni ya kuzuia au angalau kutahadharisha. Ukivuka kwenda mkoa jirani wa Riau, katika wilaya za Kampar na Pelalawan, desturi ya namna hiyo hiyo inaitwa balimau kasai na imewekwa kwenye ratiba ya utalii: jukwaa, hotuba, waheshimiwa wanaowamwagia vijana maji ya ndimu mbele ya kamera. Ndani ya Sumatra Magharibi kwenyewe, Pangkalan Koto Baru ina sherehe yake ya kando ya mto, yenye mashua zilizopambwa. Na Java, wanakoita padusan, maelfu huenda kwenye chemchemi kama zile za Pengging, Boyolali, zenye mabwawa yaliyojengwa zama za Mfalme Pakubuwono X wa Surakarta, aliyetawala kuanzia 1893 hadi 1939.

Siwalaumu wanaopamba mashua. Sherehe ya Pangkalan angalau ina wazee mbele na ratiba inayojulikana. Lakini jukwaa lina tabia yake. Mheshimiwa akiwamwagia maji vijana watano waliochaguliwa, wengine wote wanabaki watazamaji, na hotuba zikiisha umati hujitosa mtoni kama ule wa Padang. Afisa wa wilaya hana kinyongo cha kusameheana na vijana wale. Hawajawahi kukoseana.

Mwaka ambao mto ulifungwa

Mwaka 2020 ulitoa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Vizuizi vikubwa vya korona vilianza Sumatra Magharibi tarehe 22 Aprili, na Ramadhani iliingia tarehe 24 Aprili. Siku ya balimau ikaangukia katikati. Mikusanyiko ilikatazwa, si kwa hoja ya bidaa wala ya maadili, ila kwa hofu ya ugonjwa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na upande wa kuukasirikia upande mwingine.

Ndimu, maua na sufuria ya maji ya moto havikuhitaji kibali. Mto ulipoondolewa, kilichobaki ni josho la nyumbani, yaani mama, beseni na watoto. Tarawehe nayo ilirudi majumbani mwaka ule, na wengi walilia kwa kuikosa misikiti. Lakini kwa upande wa balimau, ilionekana wazi kwamba mto ulikuwa mahali tu. Desturi inaweza kuishi bila mto. Haiwezi kuishi bila mtu wa kukumwagia.

Vizuizi vilipoondoka, mvutano ulirudi kama ulivyokuwa. Hilo linaniambia kwamba marufuku peke yake, hata ile iliyoheshimiwa, haijengi kitu mahali pa kile ilichokizuia.

Miezi miwili katika mji mmoja

Kuna ugumu mwingine ambao msomaji wa Mombasa au Tanga atauelewa mara moja. Indonesia haikubaliani daima juu ya kuingia kwa mwezi. Serikali huketi jioni ya tarehe 29 Shaaban kusikiliza habari za muandamo. Muhammadiyah hufuata hesabu na hutangaza mapema. Mwaka 2022 Muhammadiyah walianza tarehe 2 Aprili na serikali tarehe 3. Mwaka 2024 Muhammadiyah walianza tarehe 11 Machi na serikali tarehe 12. Na Padang, hasa pande za Pauh, ipo jamaa ya tarika ya Naqshbandiyya yenye hesabu yake, ambayo kwa kawaida hutangulia wote.

Basi fikiria mchana wa tarehe 11 Machi 2024. Mlango mmoja watu wamefunga, koo zimekauka. Mlango wa pili wanatoka na taulo, wanakwenda mtoni kula, kunywa na kuoga, maana kwao ndiyo siku ya mwisho. Wakati balimau ilikuwa ya nyumba, kila nyumba ilioga kwa mwezi wake na jirani hakuona tabu. Ikishakuwa umati barabarani, kuvumiliana kunakuwa kugumu zaidi. Nalitaja hili kwa kuwa wanaobishana hulisahau: sehemu ya ukali wa maneno dhidi ya balimau inatoka kwa watu ambao siku hiyo wamefunga tayari.

Na sisi na jungu letu

Kwetu pwani, siku za mwisho za Shaaban ni za kuvunja jungu. Familia hupika vizuri, hualikana, watu huombana radhi, siku hizi hata kwa ujumbe wa simu uliotumwa kwa watu 200 kwa mkupuo mmoja. Na upande wa pili fukwe hujaa, ngoma hupigwa, na wapo wanaoifanya siku hiyo kuwa ya kumalizia maasi kabla ya kufunga. Masheikh hukemea, na wana haki.

Lakini tuangalie kilichotutokea pia. Nani leo anavunja jungu kwa bibi yake? Chakula cha pamoja kilikuwa na mwenyewe: bibi mwenye nyumba, aliyejua nani hajaja na kwa nini hajaja, akamtuma mtoto kumwita. Ufukweni hakuna anayeulizwa kwa nini hakuja. Tukikemea ufukwe bila kumrudisha mwenye nyumba, tutakuwa tunafanya wanachofanya Padang.

Ningefanya nini ningekuwa na sauti huko

Waminangkabau husema uongozi wao una mafiga matatu: wazee wa koo, maulamaa na wasomi. Katika suala la balimau, kazi imeachiwa manispaa, ambayo haimo hata katika hayo matatu. Mji wa Padang bado una mabaraza ya ada ya nagari, yanayoitwa Kerapatan Adat Nagari. Hayo ndiyo yangepaswa kubeba jambo hili. Baraza la Pauh au la Koto Tangah linaweza kutangaza tapian yake: wanawake na watoto asubuhi, wanaume baada ya adhuhuri, mwisho alasiri. Wajomba wawepo majini, siyo jukwaani. Shekhe wa mtaa asome dua na aeleze kwa maneno machache kwamba maji hayaongezi wala kupunguza saumu, na kwamba haki ya mja haioshwi na mto mpaka mwenye haki asamehe. Zipo tapian ambazo leo si salama tena, kwa uchafu au kwa mkondo. Hizo zifungwe kabisa, na watu waambiwe waziwazi kwamba balimau ya beseni nyumbani ni balimau kamili.

Manispaa ibaki na kazi inayoiweza: waokoaji, tahadhari ya mvua za milimani, na kuzuia wanaogeuza siku hiyo kuwa biashara ya viingilio. Utalii ungoje siku nyingine ya mwaka.

Najua pingamizi lililo zito zaidi kwa pendekezo hili. Wengi wanaokwenda Lubuk Minturun hawana nagari mjini Padang. Ni wapangaji, ni wafanyakazi kutoka mikoa mingine, ni wanafunzi wa vyuo. Chuo Kikuu cha Andalas peke yake kimejengwa huko huko Pauh, kwenye mlima wa Limau Manis, na mabweni na vyumba vya kupanga vimekizunguka pande zote. Kijana aliyetoka kijijini Solok au Pasaman, ambaye hatarudi kwao mpaka Idi, mama yake yuko mbali na mama mkwe hana. Anakwenda mtoni na wenzake kwa sababu hao ndio jamaa alionao. Kumwambia arudi kwenye tapian ya ukoo ni kumwambia neno tupu.

Kwa huyo ningeanzia msikitini na kwa mwenye nyumba aliyempangisha. Wazee wa msikiti wa mtaa wanawajua wanafunzi wao kwa sura. Wanaweza kuwaita jioni ya mwisho wa Shaaban, wavulana uani kwa msikiti na wasichana kwa bibi mmoja wa jirani, wakachemsha ndimu na maua, wakawamwagia kama wanavyowamwagia wajukuu wao. Wakishamaliza, kila mmoja ashike simu ampigie mama yake amwombe radhi, na kama ameoa au ameolewa, ampigie na mama mkwe. Haligharimu chochote zaidi ya kifurushi kimoja cha sokoni kwa kila watu wachache, na linaweza kuanza Shaaban ijayo bila kusubiri tangazo la mtu.